Gari Tulilomuuzia Mzee Shabani

Juzi nilishuka kwenye gari la mwenzangu wa kazini katikati ya safari, nikatapika kwenye majani ya kando ya barabara, mbele ya akina mama waliokuwa wakiuza viazi. Tulikuwa tunatoka Mbeya kurudi Tukuyu, na mimi nilikaa nyuma. Kwenye buti kulikuwa na dumu la maziwa lililokuwa likivuja. Hilo peke yake ningelivumilia. Lakini tulipofika penye lami iliyonyooka, mwenzangu akakanyaga mafuta, na chini ya kiti changu, upande wa kulia, ukaanza mlio mzito, uuuu, unaopanda kadiri gari linavyoongeza kasi. Harufu ya maziwa yaliyochacha na mlio ule vikakutana kooni mwangu. Nikamwambia asimamishe. Nilipomaliza kutapika aliniuliza, kwa sauti ya chini, kama nina mimba. Nikamjibu kwamba beringi la gurudumu lake la nyuma kulia linakwisha na alipeleke gari kwa fundi leo hii, si kesho. Safari iliyobaki niliimalizia kwa bodaboda, na upepo wa Kyimo usoni.

Alishangaa nimelijuaje beringi. Nimelijua tangu nikiwa darasa la nne.

Baba yangu alikuwa akikusanya maziwa. Kila asubuhi alipanda Isongole, akazunguka kwa wafugaji, akajaza madumu, akashuka nayo mpaka Tukuyu mjini. Gari letu lilikuwa jeupe, refu kwa nyuma, na zulia la buti lake lilikuwa limekunywa maziwa miaka mingi kuliko mimi. Halikuoshwa likatakata. Jua likiwaka baada ya mvua, harufu ilitoka mle kama pumzi ya mgonjwa. Baba hakuisikia, au aliizoea. Alikuwa na tabia ya kuonja maziwa kwa kidole: anachovya, ananyonya, anatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha anachovya kidole kile kile kwenye dumu la mtu mwingine. Nikiwa mdogo nilidhani huo ndio utaalamu. Sasa nikikumbuka, natamani kunawa mikono yangu mimi.

Jumapili alikuwa mtu mwingine. Alikuwa mzee wa kanisa, shati lake jeupe limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, na watu walimwamkia kwa kuinamisha kichwa. Nilimwogopa na nilimpenda, na sikujua kwamba mambo hayo mawili yanaweza kutenganishwa.

Mlio ulianza msimu wa mvua. Mwanzo ulikuwa kama nyuki walio mbali. Gari likienda polepole kwenye njia za vijijini hukusikia kitu, ila ukifika lami na mshale ukapita sitini, nyuki wale walikuja karibu, na ukifika themanini walikuwa ndani ya masikio. Mimi niliamini kabisa kwamba ni nyuki. Niliamini wamejenga chini ya gari, mahali pa joto, wakifuata utamu wa maziwa, na kwamba gari likikimbia wanakasirika. Nilikaa miguu juu ya kiti.

Baba alimpelekea gari fundi Lwitiko, aliyekuwa na gereji ya mabati karibu na stendi. Lwitiko alikuwa mtu mnene, mpole, Kiswahili chake kimejaa Kinyakyusa, na hakuwa na haraka. Alilikandamiza gari kwa nyuma, likanesa mara tatu kabla ya kutulia. "Shokapu zimechoka," alisema. Kisha alipitisha kiganja juu ya tairi la nyuma na kuniita nami niguse. Ukipeleka mkono mbele, mpira ulikuwa laini. Ukiurudisha, uling'ata kama msumeno.

"Tairi likiliwa hivi, linaimba," aliniambia. "Lakini na beringi nalo huimba. Sasa tutajuaje nani anaimba?"

Akahamisha matairi ya nyuma akayaweka mbele, na ya mbele nyuma, kisha akasema twende barabarani: mlio ukihamia mbele ni tairi, ukibaki nyuma ni beringi. Alitaka mtu mwenye masikio mazuri alale kwenye buti, asikilize. Baba alinitazama mimi. Nikalala juu ya lile zulia, shavu kwenye unyevunyevu wake, harufu ikinipanda puani kama kitu chenye miguu, na gari likakimbia kuelekea Kyimo. Nilisikia mlio ukinipitia kwenye mfupa wa taya. Lwitiko alikuwa akipaza sauti kutoka mbele: "Nakunja kushoto sasa! Umezidi ama umepungua?"

"Umezidi!"

"Nakunja kulia!"

"Umepungua!"

"Kyala!" nilimsikia akisema. Mungu wangu. Gari likikunja kushoto, uzito wote huegemea kulia.

Tuliporudi alipandisha gari kwa jeki, akalizungusha gurudumu la nyuma kulia kwa mkono, akaniambia niweke vidole kwenye springi. Nilihisi kitu kinasaga, kama ugali uliopikwa kwa unga wenye mchanga. Aliponiuliza nyuki wako wapi, maana nilishamweleza habari za nyuki wangu, nikamwonyesha pale pale. Alicheka mpaka akakaa chini. Nilijisikia mkubwa. Nilikuwa nimetapika kidogo kwenye buti na sikumwambia mtu, nilifunika kwa gunia.

Lakini alipogeuka kwa baba, Lwitiko hakuwa akicheka tena. "Mzee, tairi zina makosa yake, ila mlio mkubwa ni beringi. Kulia, nyuma. Limekwisha. Na ekseli nayo imeanza kuliwa. Siku likikatika, gurudumu litang'ang'ania au litatoka lote. Usipande nalo Isongole."

"Paka grisi," baba alisema.

"Grisi itanyamazisha siku chache tu."

"Siku chache zinanitosha."

Sikuelewa neno hilo. Nilidhani baba ana haraka ya kazi.

Mzee Shabani alikuwa fundi cherehani. Watu wake walikuja kutoka pwani zamani sana, na duka lake la nguo na ushonaji lilikuwa kwenye barabara ya sokoni, kibarazani cherehani mbili, ndani vitambaa mpaka darini. Alivaa kofia iliyotariziwa, na alikuwa na mkasi mmoja mkubwa mweusi ambao hakumruhusu mtu mwingine aushike. Binti yake, Zuhura, alikuwa rafiki yangu; tulikaa dawati moja, tukagawana penseli, mihogo na siri. Mzee Shabani alikuwa akitafuta gari la kubebea nguo kwenda kwenye masoko ya vijijini, Mpuguso na kwingineko, na alimwamini baba. Alisema mbele ya watu kwamba mtu anayemcha Mungu, wa dini yoyote, ukinunua kitu kwake unalala.

Siku moja kabla ya Mzee Shabani kuja kulijaribu gari letu, baba aliniita nyuma ya nyumba. Alikuwa ametandika mablanketi mawili kwenye buti juu ya lile zulia. Alichuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na wangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Kesho utakwenda nasi," alisema. "Utakaa nyuma. Tukifika kwenye lami, uimbe."

"Niimbe nini, baba?"

"Za kanisani. Imba kwa nguvu zote, usikate mpaka nikuambie. Redio imekufa, na safari bila wimbo si safari. Wewe una sauti."

Ni lazima niwaambie hili neno lilinifanya nini. Miezi michache kabla, mwalimu wa kwaya ya watoto alikuwa amenitoa kwenye kwaya kwa sababu sauti yangu, alisema, inawameza wenzangu. Nyumbani hakuna aliyelizungumzia. Nililia chooni, peke yangu. Na sasa baba yangu, mzee wa kanisa, amechuchumaa kwenye tope na kuniambia nina sauti. Usiku ule nilijifunika shuka mpaka kichwani nikarudia mashairi yote ya wimbo wa mavuno nisije nikakosea.

Mzee Shabani aliendesha mwenyewe, baba pembeni yake. Baba alipendekeza tuzunguke tu njia za mjini, lakini Mzee Shabani alisema kwa adabu, "Ndugu yangu, gari hujulikana mlimani. Twende mpaka Isongole, tulione likishuka." Tukapanda. Kupanda hakukuwa na shida, gari lilikwenda polepole na injini yenyewe ilikuwa ikipiga kelele. Tulipogeuza kule juu na kuanza kushuka, barabara ikafunguka, nikaona shingo ya baba inageuka kidogo kulia, jicho lake likinitafuta.

Nikaanza kuimba.

Niliimba wimbo wa mavuno tangu mwanzo hadi mwisho na kuurudia. Mlio ukaja. Pamoja na grisi na mablanketi, ulikuja, maana mteremko ulikuwa mrefu na kasi ilikuwa kubwa, na mimi niliyeulalia kwa shavu niliutambua kama mtu anavyotambua kikohozi cha ndugu yake. Ulipopanda, nilipanda. Sitajidanganya mbele yenu kwamba sikujua kabisa. Niliona kwamba sauti yangu inaufunika. Ila nilidhani kuufunika huko ni namna fulani ya kuutengeneza. Nilidhani watu wazima wana sababu zao. Na zaidi ya yote nilikuwa na furaha, nawaapia, furaha ya kijinga, mishipa imenitoka shingoni, baba akipigapiga dashibodi kwa vidole kufuatisha mapigo.

Mara moja Mzee Shabani aliinamisha kichwa, kama anayesikiliza kitu. Alinitazama kwenye kioo. Nilidhani ananisifu, nikaongeza.

Tulipofika mjini alisema, "Mashallah, mwanangu, una pumzi." Wakapeana mikono. Baba alikwenda kunawa kwa sabuni mpaka viwikoni, kisha akaninunulia soda nzima, ya kwangu peke yangu, na nikainywa.

Haikufika mwezi. Ilikuwa siku ya mvua nyembamba, ile mvua yetu isiyoisha. Mzee Shabani na Zuhura walikuwa wanatoka Mbeya kufuata vitambaa. Walipopita Isongole, kwenye mteremko ule ule, gurudumu la nyuma kulia liling'ang'ania, gari likazunguka, likaingia mtaroni na kulala ubavu kwenye shamba la viazi. Zuhura alitolewa kupitia dirishani na mchubuko wa goti tu. Baba yake alikuwa amejizuia kwa mkono wa kulia. Mlango ukaulalia.

Waliuokoa mkono, lakini kidole gumba na cha shahada vilibaki vimekakamaa, kama vya sanamu. Hakuweza tena kuushika ule mkasi.

Baba alikwenda kumpa pole, na alinichukua. Alibeba mkungu wa ndizi. Chumba cha hospitali kilinuka dawa na usaha, na baba alikaa kwenye ukingo wa kitanda kama mtu wa nyumbani. Alimshika mkono wa kushoto, ule mzima, akauombea. Akasema chuma hakina rafiki. Akasema, "Mimi nilikupa gari zima, ndugu yangu, Mungu ni shahidi." Nilikuwa nimesimama karibu na mlango. Nilitazama mdomo wake ukisema jina la Mungu, na kwa mara ya kwanza maishani niliona kwamba mdomo wa baba una mate kwenye pembe zake, na kwamba mate hayo ni meupe. Nilitoka nje nikaegemea ukuta, na nyuki wangu wote walirudi kichwani, ila sasa nilijua ni nini.

Nilimwendea fundi Lwitiko kwanza. Nilitaka mtu mzima aseme. Alikuwa amelala chini ya gari, naona miguu tu. Nikamwambia, "Fundi, wewe ulijua lile beringi." Miguu ikatulia. Sauti ikatoka chini: "Mimi nilimwambia mwenye gari. Gari si langu." Kisha akaomba nimpe spana iliyokuwa karibu na mguu wangu. Sikumpa. Niliondoka, na hata yeye, niliyempenda kwa ule mchezo wa kugusa tairi, nilimwona ananuka.

Ndipo nikaenda dukani kwa Mzee Shabani, peke yangu, siku Zuhura amekwenda madrasa. Alikuwa amekaa kibarazani, mkono umefungwa kitambaa kifuani, akimwelekeza kijana wa kushona mahali pa kupitisha uzi. Kitambaa cha sare za shule kilikuwa mezani hakijakatwa.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mbona umesimama juani?"

Nilimwambia yote bila kupumua. Buti, nyuki, beringi, grisi, mablanketi. Nilimwambia nilivyoimba na kwa nini. Nilipomaliza nilingoja anipige au alie. Alimtuma yule mshonaji akanunue chai. Alipobaki na mimi, alisema taratibu:

"Niliusikia."

Sikuelewa.

"Ule mlio. Niliusikia chini ya wimbo wako, pale tuliposhuka. Nikataka kusema, hebu mtoto anyamaze kidogo nisikilize gari." Alitazama vidole vyake. "Lakini mtoto alikuwa anamwimbia Mola wake, na baba yake amekaa hapo. Mimi Mwislamu nimwambie anyamaze? Wangesema Shabani amedharau dini ya watu. Nikaona haya. Nikasema, mtu huyu hawezi kuniuzia kitu kibaya."

Nilianza kulia. Aliniambia niache. Akasema mimi ni mtoto na mtoto hana dhambi ya aliyemtuma. Kisha akanisogelea na kusema jambo moja tu la kuniomba: "Usimwambie baba yako kwamba najua. Atashindwa kunitazama, na sisi tunaishi mji mmoja. Acha liishie hapa kibarazani."

Nikaahidi.

Nilishindwa kuitunza ahadi hiyo hata siku nne. Jumapili tulikuwa na wageni, wazee wawili wa kanisa na wake zao, na mama alikuwa amechinja kuku. Baba aliomba sala ndefu ya chakula. Alimtaja Mzee Shabani ndani ya sala, kwamba Bwana amguse katika udhaifu wake. Halafu akafungua macho, akachukua paja, akang'ata, mafuta yakamtelemka kidevuni, akayafuata kwa ulimi. Nilikuwa nimekaa mkabala naye. Sikuweza kumeza nilichokuwa nacho mdomoni. Nilikitema sahanini mbele ya wote.

"Wewe, adabu!" mama alisema.

"Mzee Shabani anajua," nilisema. Sauti yangu, ile inayomeza wenzangu, ilijaa chumba kizima. "Anajua kwamba beringi lilikuwa limekwisha. Anajua kwa nini uliniambia niimbe. Ameniambia mwenyewe, aliusikia mlio siku ile ile."

Kijiko cha mgeni mmoja kilisimama hewani. Nilimkodolea baba macho. Nilitaka aanguke. Nilitaka nione aibu ikimpanda usoni kama maji, nijue kwamba iko mle ndani mahali fulani, ningemsamehe hapo hapo, naamini ningemsamehe.

Baba aliweka paja chini. Alifuta mikono. Na uso wake, badala ya kuanguka, ulifunguka.

"Aliusikia?" aliuliza. "Amesema yeye mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Siku ile ile? Kabla ya kulinunua?"

"Ndiyo, baba."

Alipumua, pumzi ndefu, akaegemea kiti. "Basi," alisema, akiwageukia wageni. "Mmesikia wenyewe. Mtu amesikia mlio, ana akili zake, akanunua. Hapo muuzaji ana kosa gani?" Mgeni mmoja akasema ni kweli, biashara ni macho na masikio. Kijiko kikaendelea na safari yake. Mama aliniwekea kipande kingine sahanini, bila kunitazama, akaninong'oneza, "Kula." Baba alikula vizuri siku ile kuliko nilivyomwona kwa wiki kadhaa, akaongeza wali, akaomba na chumvi. Nilikuwa nimekwenda kumvisha aibu, nikamtua mzigo.

Jumapili iliyofuata, nje ya kanisa, nilimsikia akilieleza kundi la wanaume. Alikwisha kulijengea jambo lile hadithi nzuri. "Hata yeye anakiri," alikuwa akisema, mkono kifuani, "alisikia na akanyamaza." Wanaume walitikisa vichwa. Katika mji kama wetu, neno linalosemwa kanisani Jumapili asubuhi linakuwa sokoni kabla ya chakula cha mchana.

Jumatatu nilifika darasani mapema. Zuhura aliingia, vidole vya mkono wake wa kulia vimefungwa plasta, kwa maana sasa yeye ndiye aliyekuwa akikata vitambaa, baba yake akimwelekeza. Alichukua daftari zake kutoka kwenye dawati letu, moja moja, akazipanga kifuani. Nikamwambia, "Zuhura, niache nikueleze." Alisubiri. Nikatazama plasta za vidole vyake.

"Baba anasema hana neno na wewe," aliniambia.

Akahamia dawati la mbele, dirishani. Alipokwisha kukaa, aligeuka.

"Mimi ninalo."